Usiwashe Tanuru Bila Makala: Hotuba juu ya Kujenga Programu kutoka Msimbo Wake

Hii ni hotuba nzima iliyotolewa Lubumbashi mbele ya wanafunzi na mafundi wa kompyuta. Tumeiweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha za ukutani tumeziacha, amri zimebaki.

Jambo yenu, wababa. Jambo wamama. Jambo vijana mliosimama kule nyuma. Viti vimekwisha, mtusamehe.

Tuanze na jiwe. Nani katika chumba hiki hajawahi kushika malakiti? Hakuna mkono. Katika mji huu hata mtoto wa shule anajua lile jiwe la kijani, na anajua kwamba ndani yake mna shaba. Wazee wa nchi hii waliyeyusha jiwe hilo karne nyingi kabla reli haijafika. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza kwa mivuo ya ngozi, wakamimina shaba kwa umbo la msalaba, na msalaba huo ukawa pesa. Sasa nawauliza: yule fundi alianza kazi siku ya kuwasha moto? Hapana. Alianza siku nyingi nyuma, kwa kukata miti na kuchoma makala. Makala yakiisha katikati ya moto, shaba haitoki, na jiwe nalo limeharibika.

Msimbo chanzo ndio malakiti yetu. Ni maandishi ya mtu, katika C, C++, Rust au lugha nyingine, na prosesa haiwezi kuyala hivyo yalivyo. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi hayo kuwa lugha ya prosesa, ndiyo tanuru. Leo tumekuja kusema jambo moja, na tutalirudia mpaka mchoke: anayeshindwa kujenga programu, karibu kila mara hakushindwa motoni. Alishindwa kwenye makala.

Lakini kwanza, kwa nini ujisumbue? Tuseme ukweli. Kama programu unayoitaka iko tayari katika ghala la mfumo wako wa Linux, Debian au Ubuntu, na toleo lake linakutosha, andika apt install, kisha nenda ukale bukari yako. Kukompaili si alama ya ushujaa. Unajenga mwenyewe pale ghala linapokupa toleo la zamani mno, au pale waliofunga pakiti wamezima kitu unachokihitaji, au pale unapotaka kubadilisha programu yenyewe. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa kila kitu tunachokizungumza hapa.

Mnakijua kisa cha printa? Katika maabara ya akili bandia ya MIT, kule Marekani, mtaalamu mmoja aitwaye Richard Stallman alikuwa na tatizo ambalo kila ofisi ya mji huu inalijua: karatasi inakwama ndani ya printa, na watu hawana habari mpaka wafike pale. Programu ya printa ya zamani alikuwa ameibadilisha. Alikuwa na msimbo wake, akaongeza mistari ya kumtumia ujumbe kila anayesubiri: printa imekwama, njoo. Ikaja printa mpya ya leza, zawadi kutoka kampuni ya Xerox, bila msimbo. Stallman akamwendea mtu wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao. Yule mtu akakataa. Alikuwa ameahidi kutompa yeyote. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kusoma na kubadilisha msimbo wake, na mwaka 1987 ikatoka kompaila ya GCC, ambayo mpaka leo ndiyo tanuru la wengi wetu. Yote hayo kwa sababu ya karatasi iliyokwama.

Sasa makala. Kuna magunia matatu.

Gunia la kwanza ni faili yenyewe. Hapa kwetu mega zinauzwa, na mtandao unaweza kukatika faili ikiwa imebaki kidogo tu. Basi usipakue kwa kubofya tu na kuomba Mungu. Pakua hivi:

wget -c https://ftp.gnu.org/gnu/hello/hello-2.12.tar.gz

Ile -c inamaanisha endelea ulipoishia. Mtandao ukirudi, unarudia amri ileile, na mega ulizokwisha kulipia hazipotei. Programu hiyo, GNU Hello, kazi yake ni kuandika salamu moja tu, lakini imefungwa kama programu kubwa zote za GNU, na faili yake ni mega moja hivi. Jifunzeni na hiyo. Msianze na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ambayo hata ikibanwa kwa xz, programu ya kubana faili, inapita mega 130. Na mradi ukiwa unapatikana kwa git peke yake, ile zana inayotunza historia ya msimbo, usivute historia yake yote ya miaka. Andika git clone --depth 1 ulipe hali yake ya leo tu.

Faili ikishuka, ikague. Miradi mingi inaandika kando ya faili alama ya sha256, yaani alama ya kidole iliyohesabiwa kutoka kwenye faili yenyewe. Andika sha256sum na jina la faili, linganisha herufi kwa herufi. Alama ikitofautiana, faili imeharibika njiani au imeguswa na mtu; usiifungue. GNU wanaweka pia saini, inayokaguliwa kwa gpg --verify.

Na mtu akikuletea faili kwa flash? Vizuri, ndivyo wengi tunavyofanya. Lakini usijengee ndani ya flash! Nimeona nyuso zinashangaa. Flash nyingi zimeandaliwa kwa FAT32 au exFAT. Mifumo hiyo haihifadhi ruhusa za Linux, kwa hiyo ./configure, ile hati inayokagua mashine kabla ya kujenga, mara nyingi inajibu Permission denied hata ukilia. Haihifadhi viungo vya ishara, yaani faili zinazoelekeza tu kwenye faili nyingine. Na FAT32 inaandika saa ya faili kwa hatua za sekunde mbili mbili, jambo ambalo mtaona baadaye kwa nini ni sumu. Nakili faili hadi nyumbani kwako kwenye diski, ndipo ufungue: tar xf hello-2.12.tar.gz.

Gunia la pili ni zana:

sudo apt install build-essential pkg-config

Neno sudo linaipa amri mamlaka ya msimamizi wa mashine. Amri hiyo inaleta kompaila za gcc na g++, make inayoendesha ujenzi, na vichwa vya C, yaani faili za .h. Hapa sikai zaidi.

Gunia la tatu ndilo linalowaangusha watu, na hapo nitakaa. Ni maktaba za kujengea. Sikilizeni vizuri, maana hapa pana mtego. Unaambiwa programu inahitaji zlib, maktaba ya kubana data. Unaangalia, zlib iko kwenye mashine yako. Unaanza kujenga, kompaila inakataa:

fatal error: zlib.h: No such file or directory

Unabaki unagombana na mashine. Lakini mashine haijadanganya. Debian imegawa zlib mara mbili. Pakiti ya zlib1g ina maktaba ya kutumia, kwa ajili ya programu zilizokwisha jengwa. Pakiti ya zlib1g-dev ina ile zlib.h, yaani karatasi inayomwambia kompaila ndani ya maktaba mna kazi gani na zinaitwaje. Anayekula mkate hahitaji kujua vipimo vya unga, anayeoka anahitaji. Kwenye Debian na Ubuntu tafuta jina linaloishia na -dev. Kwenye Fedora linaishia na -devel. Ukiona faili ya .h imekosekana, hiyo ni -dev haipo. Sema tena nami: hiyo ni -dev haipo!

Kukosa kwa kelele ni afadhali. Kubaya ni kukosa kimya. Tumchukue kijana wa kufikirika, tumweke mtaa wa Katuba hapa mjini. Anataka Python mpya kuliko ile ya mfumo wake. Anafungua msimbo, anapiga ./configure, anapiga make, dakika zinapita, hakuna kosa, anafurahi, anasanikisha. Kesho yake anaita pip, zana ya Python ya kupakua moduli, ilete kitu kutoka mtandaoni, na pip inamjibu kwamba moduli ya ssl, ile ya mawasiliano salama, haipo. Imekuwaje? Hakuwa na libssl-dev. Python, tofauti na programu nyingine, haisimami kwa sababu hiyo. Inajijenga bila ssl, na mwishoni kabisa, kati ya mamia ya mistari, inaandika kwa sauti ya chini kwamba haikupata vitu vya kujengea moduli hizi na hizi. Nani alisoma? Yeye alikwenda kunywa chai. Sasa hana njia ya mkato: aongeze pakiti, apige configure upya, apige make upya.

Kwa hiyo kabla ya Python, makala haya:

sudo apt install libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libsqlite3-dev libbz2-dev liblzma-dev libreadline-dev

Bila libffi-dev utakosa ctypes. Bila libsqlite3-dev utakosa sqlite3. Na unaposanikisha, usiandike make install, andika make altinstall. Tofauti ni nini? Ya kwanza inaweka amri iitwayo python3 ndani ya /usr/local/bin, na folda hiyo inatangulia /usr/bin. Kesho hati zako zinazoita python3 zinafika kwenye Python mpya isiyo na moduli zake, na zinaanza kuanguka moja moja. Ile altinstall inaweka jina lenye namba tu, kwa mfano python3.12, na kila mtu anabaki na amani yake.

Mtu atauliza: nyumbani sina mtandao, nitaletaje hizo -dev zote? Beba mashine yako mwenyewe, siyo ya jirani, hadi palipo na mtandao, uandike:

sudo apt-get install --download-only

ukifuatisha majina ya pakiti. Faili za .deb zinabaki katika /var/cache/apt/archives, na ukifika nyumbani unarudia amri bila ile --download-only. Kwa nini mashine yako mwenyewe? Kwa sababu apt inapakua tu kile ambacho mashine ile inakikosa. Mashine ya jirani ikiwa na nusu ya vitu tayari, utarudi na nusu nyingine, na usiku utauona mrefu.

Hapo ndipo tunapopiga ./configure. Wengi wanaiogopa kwa sababu inatapika mistari: checking for hiki, checking for kile. Ni hati tu inayohesabu makala yako kabla ya moto. Anza kila mara na ./configure --help, usome sehemu za --enable na --with. Huko ndiko vinakowashwa vile walivyozima wafungaji wa pakiti. Ikisimama kwa kosa, usitafute kosa kwenye skrini peke yake. Fungua config.log, tafuta maneno yaliyoandikwa kwenye skrini, kisha panda juu mistari michache: utaona jaribio lenyewe la kompaila na sababu yake halisi.

Jambo dogo kwetu tulio na mashine za Kifaransa. Kompaila ikikuambia kosa kwa Kifaransa, ukilitafuta mtandaoni utapata majibu machache. Tanguliza LC_ALL=C mbele ya amri, makosa yatatoka kwa Kiingereza, utafute kwa maneno hayo. Na uhifadhi kila kitu:

LC_ALL=C make 2>&1 | tee ujenzi.log

Kwenye klavye ya azerty ya Kifaransa ule mstari wa wima ni AltGr na 6, kwa wale wanaouliza kila mwaka.

Soma kosa la kwanza. Siyo la mwisho, la kwanza! Mstari wa mwisho, ule wa Error 2, ni make inakupa pole ya msiba. Hausemi nani amekufa. Kichwa kimoja kikikosekana, yanafuata makosa hamsini yaliyo watoto wake. Ondoa mzazi, watoto wanapotea. Andika grep -n -m1 'error:' ujenzi.log, itakuletea lile la kwanza. Na kama ulijenga kwa kazi nyingi sambamba, mistari inachanganyika. Piga make tena bila -j, itakwama palepale kwa utulivu.

Sasa tuingie motoni, na motoni kuna kisa.

Mwaka 1976, katika maabara ya Bell Labs kule Marekani, kijana aitwaye Stuart Feldman aliingiliwa ofisini na mwenzake, Steve Johnson, aliyekuwa amekasirika. Johnson alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu isiyo na kosa. Alikuwa ameshalirekebisha! Ila alisahau kukompaili upya ile faili moja, akawa anaendesha ya zamani. Kutokana na asubuhi hiyo Feldman akaandika make. Na wazo lake ni jepesi: linganisha saa. Kama faili ya msimbo ni mpya kuliko ile ya .o iliyotokana nayo, jenga upya. Kama siyo, iache.

Kwa njia, Feldman alitaka kila amri ndani ya Makefile, faili ya maagizo ya make, ianze na tabo, siyo nafasi. Aliona baadaye kwamba halikuwa wazo zuri, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili hivi, hakutaka kuwaharibia. Mnaona? Kwa ajili ya watu kumi na wawili, dunia nzima bado inapata missing separator. Ukinakili Makefile kutoka kwenye ukurasa wa mtandao na ukaona maneno hayo, tabo zimegeuka nafasi njiani.

Turudi kwenye saa, maana jambo hili la saa linatuhusu sisi wa Lubumbashi kuliko Feldman mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu ya delestaji.

Habari njema kwanza. Umeme ukikatika katikati ya make, hujapoteza kazi. Ukirudi, piga make tena, itaendelea pale ilipofika, maana faili za .o zilizokamilika zipo na saa zake ziko sawa. Lakini ile faili iliyokuwa ikiandikwa dakika ile? Inaweza kubaki diskini tupu au nusu, na saa yake ni mpya kuliko msimbo. Make inaiangalia, inasema hii tayari, inapita. Mwishoni kiunganishi, kile kinachounganisha faili za .o kuwa programu moja, kinalia file truncated au file format not recognized. Dawa:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Ikishindikana, make clean, uanze upya. Na kama una laptopu na unaona betri inaisha, usingoje ife. Bonyeza Ctrl na C. Make ikisimamishwa hivyo inafuta yenyewe faili ambayo haikuimaliza. Umeme unapokatika ghafla haipati nafasi hiyo.

Habari mbaya sasa. Mashine nyingi za okazioni zinazouzwa hapa mjini zina betri ndogo ya saa iliyokufa, ile ya duara iitwayo CR2032, ya volti 3. Umeme ukikatika, mashine inaamka miaka mingi nyuma. Dalili ya kwanza utaiona kwenye wget: inakataa cheti cha tovuti kwa sababu, kwa saa yako, cheti hicho hakijaanza kutumika. Dalili ya pili ni configure kusimama na kusema newly created file is older than distributed files. Dalili ya tatu ni make kuandika Clock skew detected. Your build may be incomplete. Hilo si onyo la kupuuza. Make imekuambia kwamba haijui tena kipi kipya na kipi cha zamani.

Na walioweka Windows na Linux kwenye mashine moja, nanyi mna lenu. Windows inaandika saa ya ukutani ndani ya mashine; Linux inaisoma kama saa ya UTC, ile ya dunia nzima, na kuongeza saa mbili zetu. Unawasha Linux bila mtandao, unajenga, faili zako zinazaliwa saa mbili mbele. Unaunganisha mtandao, saa inajirekebisha, na sasa una faili kutoka wakati ujao. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inawapatanisha hao wawili.

Basi kabla ya kila ujenzi, andika date. Neno moja! Kama si sahihi, weka kwa sudo date -s 'mwaka-mwezi-siku saa:dakika', halafu futa folda ya ujenzi na ufungue tar upya. Wengine watakushauri upige touch faili zote. Kwenye miradi ya GNU ushauri huo unaweza kuamsha automake na aclocal, zana za kuandikia configure, ambazo huna, ukapata shida ya pili juu ya ya kwanza. Futa, fungua upya, inachukua sekunde. Na betri ya CR2032, jamani, ni kitu kidogo, nunua.

Swali la kumbukumbu. Watu wanapenda make -j$(nproc), yaani kazi nyingi kama prosesa zilivyo. Kwa C ni sawa. Kwa C++ nzito, kila kazi moja inaweza kula giga moja hadi mbili za RAM. Mashine yako ina giga nne na prosesa nne, hesabu mwenyewe. Kerneli itaua kompaila, na utasoma Killed signal terminated program cc1plus. Msimbo hauna kosa hapo. Punguza: make -j2, au -j1. Au ongeza nafasi ya kubadilishia diskini (swap), inayosaidia RAM ikijaa:

sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Itakwenda polepole, lakini itafika.

Ujenzi ukiisha, usirukie kusanikisha. Kama mradi una majaribio, piga make check. Halafu ndipo tuje kwenye jambo ambalo mnaliona dogo: sudo.

Nani hapa anaandika sudo mbele ya kila amri? Msinyanyue mikono, tunawajua. Sikilizeni kisa cha xz. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi aitwaye Andres Freund, mtu wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitoa habari kwamba matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa siri. Aliligundua vipi? Aliona kuingia katika mashine ya mbali kwa ssh kunachelewa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Wengine tungesema ni mtandao. Akafuatilia, akakuta kwamba ndani ya faili ya tar waliyotoa mliwekwa mistari ya m4, lugha inayotumika kuandikia configure, ambayo haikuwemo katika hazina ya git, na mistari hiyo ilifanya configure ichimbue sumu iliyofichwa ndani ya faili za majaribio. Mnaelewa maana yake? Configure ni programu. Makefile ni programu. Zinatekeleza chochote zilichoandikiwa, kwa mamlaka uliyozipa. Basi ./configure na make zipigwe kama mtumiaji wa kawaida, siku zote. Sudo inaingia kwenye make install peke yake, na hata huko si lazima.

Kwa nini si lazima? Kwa sababu una --prefix:

./configure --prefix=$HOME/programu/hello-2.12

Kila kitu kinakwenda ndani ya folda hiyo. Hutaki tena? Unafuta folda, imekwisha. Bila --prefix, chaguo la kawaida ni /usr/local, nalo ni zuri, limeachwa huru kwa ajili yako. Lakini kamwe, kamwe, usiweke --prefix=/usr. Huko ni shamba la apt. Ukipanda mahindi yako humo, siku apt itakapopalilia itang'oa yako, au wewe utakuwa umeng'oa yake, na hakuna atakayejua nani alianza. Ukitaka kuona kitakachokwenda wapi kabla hakijaenda, piga make -n install; inaonyesha amri bila kuzitekeleza. Na usitupe folda ya msimbo baada ya kusanikisha: make uninstall, pale mradi ulipoiandika, inafanya kazi kutoka humo.

Umesanikisha, unaita programu, inajibu error while loading shared libraries. Umetoka kuijenga dakika ile ile! Tulia. Maktaba iko /usr/local/lib, ila orodha ya mfumo haijasomwa upya. Piga sudo ldconfig. Kama uliweka nyumbani kwako, elekeza LD_LIBRARY_PATH kwenye folda ya lib ya huko au, vizuri zaidi, jenga ukiwa umeweka LDFLAGS="-Wl,-rpath,$HOME/programu/hello-2.12/lib". Na ikiwa amri inaleta bado toleo la zamani, bash, ile inayosoma amri zako, inakumbuka njia ya zamani. Andika hash -r.

Kuhusu miradi isiyo na configure, kwa ufupi. Ukikuta CMakeLists.txt: cmake -S . -B build, halafu cmake --build build -j2, halafu cmake --install build. Prefix yake inaitwa -DCMAKE_INSTALL_PREFIX. Ukibadilisha mawazo kuhusu maktaba, futa folda ya build yote, maana CMakeCache.txt ina kichwa kigumu. Ukikuta meson.build: meson setup build, ninja -C build, meson install -C build. Ukivuta kwa git na ukakuta configure.ac bila configure, piga autoreconf -fi, ukiwa na autoconf, automake na libtool.

Sasa tunasogea mezani. Flash mbili ziko pale karibu na dirisha, zote zina hello-2.12 na alama yake ya sha256. Nakilini kwanza kwenye diski, mmesikia kwa nini. Rallonge ina matundu manne tu, kwa hiyo wenye betri nzuri waachie wenye betri mbovu. Na kabla hujagusa chochote, andika date, umwonyeshe jirani yako.